Jenerali, Waziri, Jirani

Kipindi kilichopita tuliongea kuhusu wanajeshi waliovua gwanda wakavaa suti, na maswali mliyotuma yalikuwa mengi kuliko muda tuliokuwa nao. Swali lililojirudia ni hili: je, kuna jenerali wa huko kwetu aliyekuwa waziri, halafu akaitwa mbele ya watu kujibu aliyoyafanya?

Yupo. Na hakuitwa Mogadishu wala Nairobi. Aliitwa hapa hapa Marekani, katika jimbo la Virginia, alikokuwa akiishi kama mzee mstaafu mwingine yeyote. Jina lake Mohamed Ali Samatar. Kwenye karatasi za mahakama wameandika Samantar, kwa hiyo mkitafuta kesi yenyewe tumieni tahajia hiyo.

Kabla sijaenda mbali, kwa wageni: sisi ni watatu. Mwenzetu wa Louisville ni mtoto wa Wabantu wa Somalia, wale waliopitia Dadaab na Kakuma na kuanza kuletwa Marekani mwaka 2003. Mwenzetu wa Buffalo wazazi wake ni Wakongo wa Kivu waliokaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mimi niko Columbus, na kwetu ni Barawa. Nyumbani tunasema Chimwiini, Kiswahili chetu cha kale, na hiki Kiswahili kingine wazazi walikiokota Mombasa walikokimbilia. Kazini mimi ni mhasibu, si mwanahistoria. Ila kesi hii nimeisoma kwa muda mrefu, na nadhani inatuhusu sote watatu, ingawa waliofungua kesi si watu wa kwetu.

Tuanze na mambo ya dunia kidogo. Jenerali kuwa waziri si jambo la Afrika peke yake. Ufaransa walikuwa na Joseph Gallieni. Huyu alitawala Madagascar kuanzia 1896 hadi 1905, akamwondoa Malkia Ranavalona wa Tatu kwenye kiti chake na kumpeleka uhamishoni, na tangu mwanzo kabisa aliwapiga risasi wakubwa wawili wa ufalme ule ili wengine waogope. Miaka kumi baada ya kuondoka kisiwani, Oktoba 1915, akawa Waziri wa Vita mjini Paris. Kule Paris wanamkumbuka kama shujaa wa mwaka 1914, aliyesaidia kuokoa mji na kupakia askari kwenye teksi kuwapeleka vitani. Kule Antananarivo wana kumbukumbu nyingine. Mtu mmoja, hesabu mbili.

Marekani nao wana sheria tangu 1947 kwamba mwanajeshi hawezi kuwa Waziri wa Ulinzi mpaka akae uraiani miaka kadhaa. Mwanzoni ilikuwa kumi, baadaye ikapunguzwa ikawa saba. Bunge limeruhusu kuikiuka mara tatu tu: kwa George Marshall mwaka 1950, James Mattis mwaka 2017 na Lloyd Austin mwaka 2021. Kwa nini wakaweka sheria hiyo? Kwa sababu jenerali kazi yake ni kutii na kutiiwa, na waziri kazi yake ni kuulizwa. Ukiziunganisha kazi hizo mbili kwa mtu mmoja, siku moja, hakuna aliyebaki wa kuuliza.

Sasa turudi Somalia.

Samatar alizaliwa Kismayu mwaka 1931, wakati Waitaliano wanatawala kusini. Kismayu, kwa wasiojua, ni pwani ile ile ya Wabajuni, Kiswahili kilikuwa sokoni na baharini kabla ya bendera yoyote. Yeye mwenyewe alitoka katika zile jamii ndogo ambazo koo kubwa za Kisomali zilizidharau, watu wa kuambiwa hatuozani nanyi. Wabarawa na Wabantu tunaijua hali hiyo vizuri. Kwa kijana wa namna hiyo, jeshi lilikuwa mlango. Jeshini unapimwa kwa mabega yako, hukaguliwi ukoo kila asubuhi. Alisoma uafisa Italia, na baadaye akaenda Moscow kwenye chuo cha kijeshi cha Frunze, kule walikofunzwa makamanda wa Kisovieti.

Tarehe 21 Oktoba 1969, siku chache baada ya Rais Shermarke kuuawa, jeshi lilichukua nchi chini ya Meja Jenerali Siad Barre. Samatar alikuwa miongoni mwa maafisa wa Baraza Kuu la Mapinduzi. Katika miaka ya sabini akawa Makamu wa Rais na Waziri wa Ulinzi, na bado jeshi likawa chini yake. Yaani aliyetoa amri na aliyetakiwa kuikagua amri walikuwa mtu mmoja.

Mwaka 1977 Somalia iliivamia Ogaden ya Ethiopia. Mwanzoni jeshi lilisonga mbele kwa kasi. Kisha Wasovieti, waliokuwa marafiki wa Mogadishu, wakahamia upande wa Addis Ababa, Wakuba wakaleta askari, na Machi 1978 Wasomali wakarudi nyuma wakiwa wameshindwa. Ukitaka kuelewa yaliyofuata, anzia hapo. Serikali iliyoshindwa vita nje ikaanza kutafuta maadui ndani. Mwaka 1981 wakimbizi na wasomi wa kaskazini, wengi wao wa ukoo wa Isaaq, waliunda chama cha upinzani SNM mjini London. Kuanzia hapo, kule Hargeisa na Burao mtu wa Isaaq alianza kuonekana mshukiwa kwa kuzaliwa tu.

Mwaka huo huo pale Hargeisa, kikundi cha vijana, walimu, madaktari na wafanyabiashara, kilikuwa kimejitolea kuitengeneza hospitali ya mji iliyokuwa imeoza. Serikali ikasema huo ni uasi. Walikamatwa. Mmoja wao, mfanyabiashara kijana, aliteswa, kisha akafungwa peke yake chumbani kwa miaka. Mkumbukeni huyu, tutamkuta tena.

Mei 1986 Siad Barre alipata ajali mbaya ya gari. Alipokuwa hospitalini, Samatar ndiye aliyeishikilia nchi. Mwaka 1987 cheo cha Waziri Mkuu kilirudishwa na yeye akapewa. Kwa hiyo mpangilio wa vyeo vyake ni afisa, jenerali, waziri, makamu wa rais, waziri mkuu. Mtoto wa jamii iliyodharauliwa alibaki na mtu mmoja tu juu yake. Kama hadithi ingeishia hapo, pengine ningewaandikia makala ya kujivunia.

Haikuishia hapo. Aprili 1988 Siad Barre na Mengistu wa Ethiopia walipatana. SNM, walioona kambi zao za Ethiopia zitafungwa, waliingia Burao na Hargeisa mwishoni mwa Mei. Jibu la serikali lilikuwa mizinga na ndege. Na ndege zile hazikutoka mbali: ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa wenyewe, zikapiga mji, zikatua, zikapakia tena. Waliouawa ni makumi ya maelfu. Mamia ya maelfu walikwenda kwa miguu mpaka Ethiopia. Leo ukifika Hargeisa utaikuta MiG moja imepandishwa juu ya mnara katikati ya mji, ndiyo kumbukumbu yao.

Wakati huo Waziri Mkuu alikuwa Samatar. Alikaa kwenye cheo hicho mpaka Septemba 1990. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka. Samatar akakimbilia Italia, na mwishoni mwa miaka ya tisini alikuwa ameshahamia Virginia, eneo la Fairfax, karibu kabisa na Washington. Nyumba, familia, majirani.

Na wale aliowatawala nao walikuja. Ndiyo kitu ambacho vitabu vya historia huwa havisemi kwa sauti: vita vikiisha, wakimbizi na waliowakimbiza huishia kwenye foleni zile zile. Ofisi zile zile za uhamiaji, misikiti ile ile, harusi zile zile. Yule mfanyabiashara wa Hargeisa naye alikuwa Marekani. Novemba 2004 yeye na wenzake walifungua kesi dhidi ya Samatar katika mahakama ya shirikisho huko Virginia, wakisaidiwa na mawakili wa Center for Justice and Accountability ya San Francisco. Mmoja wa wadai alipigwa risasi pamoja na kundi la wafungwa, akanusurika akiwa amefunikwa na maiti za wenzake. Mwingine alikuwa amempoteza baba yake na ndugu yake.

Hii ilikuwa kesi ya madai. Hakuna aliyeomba afungwe jela. Walitumia sheria ya Marekani ya mwaka 1991 inayomruhusu aliyeteswa kumdai fidia mtesaji wake, hata kama mateso yalitokea nchi nyingine.

Utetezi wa Samatar ulikuwa rahisi kuuelewa. Alisema: niliyoyafanya niliyafanya kama serikali. Serikali za nje zina kinga, ipo sheria ya mwaka 1976. Mkinishtaki mimi, mmeishtaki Somalia. Mwaka 2007 jaji alimkubalia na kesi ikafutwa. Hebu fikirieni mlikuwa upande wa wadai siku ile.

Walikata rufaa. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikawapa haki, na Samatar akaenda Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani. Tarehe 1 Juni 2010 majaji wote tisa walikubaliana: sheria ile ya 1976 inazikinga dola, haimkingi mtu mmoja mmoja aliyekuwa afisa wa dola. Kama kuna kinga nyingine, itafutwe kwingine. Kesi ikarudi Virginia. Mwaka 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikaiambia mahakama kwamba haoni kinga hapo, kwa kuwa wakati huo Marekani haikuitambua serikali yoyote ya Somalia inayoweza kumwombea, na yeye mwenyewe alikuwa mkazi wa Marekani. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikaenda mbali zaidi ikasema mateso na mauaji ya namna hii hayawezi kuhesabiwa kuwa kazi halali ya ofisi yoyote, hata kama aliyeyatenda alikuwa na ofisi.

Februari 2012, siku ya kusikilizwa ilipofika, Samatar alikuwa ameshaomba kutangazwa amefilisika. Akaacha kujitetea, akakubali dhima kisheria huku akiendelea kukana kwamba alitenda kosa. Wadai walisimama wakasema yao mbele ya jaji. Agosti mwaka ule jaji akaamuru walipwe dola milioni 21.

Hapa naongea kama mhasibu: mtu aliyefilisika halipi milioni 21. Samatar alifariki Agosti 2016 bila kulala jela hata usiku mmoja kwa mambo ya Hargeisa. Pia tuwe waadilifu. Kwa kuwa hakujitetea mpaka mwisho, ushahidi haukuwahi kubishaniwa hatua kwa hatua kama ambavyo ungebishaniwa kwenye kesi kamili. Na wapo Wasomali, wengine humu humu Columbus, wanaosema kesi ile ilimkamata mmoja aliyekuwa karibu ikawaacha wengi, na kwamba kumkamata mtu asiye na ukoo mkubwa nyuma yake ni rahisi. Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Najibu tu kwamba mwenye kuteswa hamchagui mtesaji kwa ukubwa wa ukoo. Anamdai yule aliyekuwa na ofisi.

Wapo watakaosema Virginia ni mbali. Basi njooni Columbus. Aprili 2010, wakati kesi ya Samatar bado iko Mahakama ya Juu, kesi nyingine ilifunguliwa kwenye mahakama ya shirikisho hapa mjini kwetu. Mdaiwa alikuwa Abdi Aden Magan, kanali wa zamani wa idara ya usalama wa taifa ya Siad Barre, mkuu wa uchunguzi. Alikuwa mkazi wa Columbus. Mdai alikuwa Abukar Hassan Ahmed, wakili na mwalimu wa sheria, aliyekamatwa Mogadishu mwaka 1988 na kuteswa. Mwaka 2012 jaji aliamua kwamba Magan anawajibika, na mwaka 2013 akaamuru alipe dola milioni 15. Kinga? Ilijaribiwa hapa pia, na ikakataliwa.

Kwa hiyo ule mwaka mliokuwa mnacheza mpira kwenye viwanja vya Northland, kanali alikuwa mji mmoja na nyinyi. Wazazi wetu walijua watu wa namna hii wapo. Kila mji una wake. Mzee fulani akiingia harusini, meza moja inanyamaza. Ami anavuta kiti chake upande mwingine. Ukiuliza unaambiwa kula chakula chako. Tulilelewa kuamini kunyamaza kule ni adabu kwa wakubwa. Nimekua, nimeona mara nyingi ni woga, na woga una sababu zake: mzee yule bado ana ndugu huko nyumbani, na sisi pia tuna ndugu huko.

Sasa kwa nini nasema inatuhusu sisi watatu?

Kwa Wabarawa na Wabantu, maumivu yetu makubwa yalikuja baada ya serikali kuanguka. Mwaka 1991 na 1992 makundi ya wenye bunduki yaliingia Barawa na mashamba ya bonde la Juba, yakapora, yakaua, yakawatenda wanawake yale ambayo mama zetu hawayasemi. Waliofanya hayo hawakuwa na cheo. Hakuna ofisi, hakuna amri iliyoandikwa, hakuna waziri wa kuitwa. Bunduki zilikuwa zile zile zilizonunuliwa na wizara ya ulinzi ya miaka iliyotangulia, ila mkono ulioshika haukuwa na jina. Ndiyo maana hakuna kesi yetu. Niliposoma hukumu ya Samatar mara ya kwanza, sitaficha, niliwaonea wivu watu wa Hargeisa. Wao walikuwa na jina la kuandika juu ya faili.

Kwa Wakongo mambo ni kinyume, majina yapo mengi mno. Mwaka 2003 amani ya Kongo ilitengenezwa kwa mpango ule wa moja jumlisha nne: rais mmoja, makamu wanne, na wawili kati yao, Jean-Pierre Bemba na Azarias Ruberwa, walitoka kwenye makundi ya waasi. Makamanda wakagawiwa vyeo vya jeshi, wanasiasa wao wakagawiwa wizara. Bemba alishtakiwa The Hague kwa mambo ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, akahukumiwa mwaka 2016, akaachiwa huru kwenye rufaa mwaka 2018, na mwaka 2023 akawa Waziri wa Ulinzi. Mahakama ilimwachia na hilo liheshimiwe. Lakini mwenzetu wa Buffalo aliuliza kwenye kipindi swali ambalo sijapata jibu lake: kama cheo ndiyo bei ya kuweka silaha chini, kijana wa Kivu anajifunza nini kuhusu njia ya kupata cheo?

Waswahili husema cheo ni dhamana. Dhamana maana yake umewekewa kitu cha watu, na siku moja wenyewe watakuja kukidai. Kesi ya Samatar ndiyo mara chache niliyoona neno hilo likichukuliwa kwa maana yake halisi, na waliolichukua hivyo walikuwa wakimbizi wenye kazi za kawaida, waliosubiri miaka minane kutoka kufungua kesi mpaka hukumu. Pesa hawakuzifuata. Mtu anayetaka pesa haanzi kesi ya miaka minane dhidi ya mzee mstaafu. Walichopata ni sentensi iliyoandikwa na jaji, kwenye faili la umma, ambayo mjukuu wao anaweza kuisoma na hakuna mzee wa kumwambia kula chakula chako.

Sisi tuliozaliwa au kulelewa huku tuna bahati ambayo wazazi hawakuwa nayo. Hatuna ofisi ya kupoteza kule, na Kiingereza cha mahakama tunakisoma. Faili za kesi hizi mbili ziko wazi kwa yeyote. Kisomali, Chimwiini, Kizigua, Kiswahili cha Kivu, hizo nazo tunazo kiasi cha kukaa na bibi na kumsikiliza bila mkalimani. Watu wenye lugha zote mbili si wengi, na bibi hawatatungoja.

Kipindi kijacho mwenzetu wa Louisville atamhoji mama mmoja wa bonde la Juba kuhusu mwaka 1991, bila kutaja jina lake, kwa ombi lake mwenyewe. Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliye tayari kuongea, mwandikie maneno yake kwanza kwa lugha anayoitumia, na tarehe kama anazikumbuka, na jina la mahali. Majina ya watu muulizeni yeye kama yaandikwe au la. Ni yeye atakayekaa nao meza moja kwenye harusi ijayo.